Maiti Hatubu



Mwezi huu tunataka kutafakari pamoja neno moja linalosumbua jamaa nyingi za waamini hapa Goma. Kanuni ya kanisa letu inajulikana hata na mtoto wa shule ya Jumapili: hatunywi pombe, hatuvuti tumbaku, hatugusi bangi. Kanuni hiyo hatuibadilishi hapa, wala hatuitafutii njia ya kuikwepa. Aliyebatizwa anaijua, aliyeipokea na aishike.

Swali letu ni lingine. Sisi tusiokunywa, tuna deni gani kwa yule anayekunywa, ambaye hajaacha, na ambaye pengine hataacha mwaka huu wala mwaka ujao? Tena, wakubwa wa mtaa wakiita barza ili kupanga namna ya kushughulikia kanyanga, bangi na vidonge, Mkristo akae nyumbani kwa kuwa hayo si mambo yake, au aende? Na akienda, aseme nini?

Wako wanaojibu upesi: "Kazi yetu ni kumhubiri aache. Akikataa, shauri yake." Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli humfanya mtu alale usingizi mzuri wakati nyumba ya jirani inaungua. Tulichunguze polepole.

1. Mambo yalivyo mitaani

Mtu akitembea jioni kutoka Birere hadi Majengo, au kutoka Ndosho hadi Mugunga, hahitaji kuuliza sana. Kanyanga inapikwa majumbani kwa ndizi au mahindi, mvuke wake unakusanywa kwa mrija, inatiwa ndani ya bidoni na kuuzwa kwa kipimo kidogo. Bangi inafika mjini kutoka mashambani. Maibobo, watoto wanaolala barabarani, wanavuta harufu ya kole ya mafundi viatu ndani ya chupa ya plastiki ili wasahau njaa na baridi ya usiku. Vidonge vya maumivu makali kama tramadoli, ambavyo muganga humwandikia mtu aliyepasuliwa, kijana anavipata kwa urahisi bila karatasi ya muganga yeyote.

Na sababu ni nini? Tukisema ni Shetani, hatukosei. Lakini Shetani naye huingia kwa mlango aliouona wazi. Mji huu ulipokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu mwaka 1994. Moto wa Nyiragongo ulipita katikati yake tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 tulikimbia mlima ule ule tena. Vita imeingia hapa mwaka 1996, 1998, 2012 na 2025. Kuna kijana aliyechukuliwa msituni akiwa na miaka 12, na wakubwa wake wakampa bangi ili asiogope risasi. Leo amerudi mtaani na hofu ile ile, ila bangi sasa anajinunulia mwenyewe. Huyu, kabla ya kuwa mkosaji, alikuwa mtoto aliyekosewa. Kuna baba aliyekuwa na shamba lake Masisi au Rutshuru, akajikuta chini ya hema Bulengo, Rusayo au Kanyaruchinya, hadi kambi hizo nazo zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Mwanaume ambaye amezoea kulisha watu kumi, akianza kulishwa kwa kipimo cha unga, anatafuta kitu cha kumnyamazishia mawazo. Kipimo cha kanyanga kiko karibu kuliko rafiki wa kumsikiliza.

Hatusemi haya ili kumwondolea mtu hatia. Kila mmoja atatoa hesabu yake mbele za Mungu. Tunasema ili tumjue tunayemhubiri.

2. Fimbo na mlango uliofungwa

Kwa desturi, mlevi na mvuta bangi hukutana na mambo mawili: fimbo ya wenye nguvu na mlango uliofungwa wa jamaa.

Fimbo tunaijua. Doria inapita, vijana wanakamatwa, mwenye pesa anatoka jioni ile ile, asiye nazo anapelekwa mbele. Gereza kuu la Munzenze lilijengwa kwa watu wachache. Kabla ya milango yake kuvunjwa mwezi wa Januari 2025 lilikuwa limejaa maelfu. Kijana aliyeingia mle kwa kipande cha bangi alilala ubavuni mwa muuaji, akatoka na mafundisho ambayo hakuingia nayo.

Mwaka 2021 Kinshasa ilishtushwa na kilevi kipya kilichoitwa bombe. Vijana walikuwa wakisaga kitu kilichomo ndani ya bomba la moshi la gari, wakakichanganya na vidonge, wakavuta. Wengine walisimama barabarani kama sanamu kwa saa nzima. Wenye magari waliibiwa mabomba yao, kwa hiyo kuwakamata wezi ilikuwa haki. Lakini waliokamatwa ni wauzaji na wavutaji pamoja. Tujiulize: yule ambaye mwili wake ulikuwa umekwisha kufungwa na kilevi kile, siku alipotoka, nani alimngoja mlangoni? Kama ni muuzaji peke yake aliyemngoja, basi kifungo kilikuwa mapumziko tu kati ya kuvuta na kuvuta.

Mlango uliofungwa nao tunaujua. Baba anamficha mwana wake kwa aibu. Jirani anamcheka. Watoto wanamrushia mawe yule mama mlevi wa barabarani. Hakuna anayemwambia neno isipokuwa la laumu, na mtu asiyesikia ila laumu huenda anakopata salamu. Huko wanakovuta, angalau wanasalimiana.

Tusidharau sheria, ndugu. Kuna sheria njema. Tanzania ilikataza pombe kali ya viroba, ile ya mifuko midogo ya plastiki, tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafanya vivyo mwaka 2019. Mfuko mdogo wa bei ndogo unaingia katika mkoba wa mwanafunzi bila mwalimu kuuona, na sheria ile ilimbana mwenye kiwanda na mwenye duka. Basi tutofautishe. Kuna sheria inayoondoa jiwe la kujikwaza katika njia ya wadogo, na kuna sheria inayompiga aliyekwisha kuanguka. Mkristo anaweza kuipigania ya kwanza kwa nguvu zake zote bila kuishangilia ya pili.

3. Klori ya ziwani

Mwezi wa Julai 1994 kolera ilipolipuka kati ya wakimbizi, watu walikufa kwa makumi ya maelfu katika majuma machache. Ardhi yetu ni mawe ya volkano. Hata kaburi halikuchimbika. Tangu siku zile, kila kolera inaporudi, tunaona kando ya Ziwa Kivu vijana na mama wamesimama na klori mkononi. Mtoto anapanda na bidoni yake, wanaitilia kipimo cha dawa, anakwenda nyumbani.

Tuwatazame watu hao vizuri. Hawasemi kwamba maji ya ziwa ni safi. Hawamkatazi mtu kutafuta bomba. Hawamwulizi mama kwa nini hakwenda kwenye robine, wala hawamwambii, "Tutakusaidia siku utakapoacha kuteka ziwani." Wanajua robine haijafika kwake, na wanajua kwamba kati ya leo na siku ya robine kuna watoto ambao wanaweza kufa. Kwa hiyo wanafanya kidogo kinachowezekana leo, na wakati huo huo wanadai bomba lije. Nani amewahi kuwaambia kwamba kwa klori yao wanasifu uchafu?

Waganga wa nchi nyingi wanafanya hivyo hivyo kwa watu waliofungwa na vilevi. Wanakuita kupunguza madhara. Maana yake ni rahisi: kama mtu hajaacha, basi angalau asife, asiue, asiambukizwe, asipige mke wake, asilale mtaroni, hadi siku atakapoacha.

4. "Lakini maji si dhambi"

Hapa ndugu mmoja atasimama na kusema: "Mfano wenu hautoshi. Anayeteka maji hana njia nyingine; mlevi anayo. Maji si dhambi, kanyanga ni dhambi. Ukimrahisishia mtu dhambi yake, umeshiriki." Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu kamili.

Kwanza, si kweli kila mara kwamba mlevi ana njia wazi mbele yake. Aliyekunywa kidogo mwaka huu anaweza kuamka kesho akaacha. Lakini aliyekunywa kanyanga nyingi kila siku kwa miaka, mwili wake umejengeka juu ya pombe. Waganga wanatufundisha jambo ambalo kila mchungaji na kila mwombezi apaswa kulijua: mtu wa namna hiyo akikatishwa pombe ghafula, katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona watu na wanyama wasiokuwepo, kuanguka kifafa, na hata kufa. Sasa mtafakari. Mtu huyo ameletwa kuombewa. Anatetemeka, anapiga kelele kwamba anaona nyoka ukutani. Kwa macho yetu ni pepo. Tukimfunga kamba na kumwekea mfungo wa siku tatu bila maji, tunaweza kumzika siku ya nne na kusema pepo alikuwa mkali. Maombi hayapingani na muganga. Mtu huyo apelekwe kwanza kituo cha afya, na waombezi waende pamoja naye, waombe kando ya kitanda. Hapa Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, kinachoongozwa na mabruda wa Kikatoliki, kinachopokea wagonjwa wa akili na watu walioharibiwa na vilevi. Kwenda huko hakupunguzi imani ya mtu hata kidogo.

Pili, tumtazame Msamaria katika mfano wa Bwana. Hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita peke yake njia ya wanyang'anyi. Alimwaga mafuta na divai juu ya vidonda vyake, divai ile ile ambayo sisi hatuinywi, kwa kuwa pale ilikuwa dawa. Akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni, akaahidi kurudi kulipa lililobaki. Kuhani na Mlawi walipita mbali, na labda kila mmoja alikuwa na sababu takatifu ya kutojichafua. Bwana hakuwasifu kwa usafi wao.

Tatu, na hili ndilo moyo wa neno letu: maiti hatubu. Toba inataka mtu aliye hai. Kumbukeni mtini usiozaa. Mwenye shamba alikuwa na haki ya kuukata. Miaka mitatu alikuja bure. Mtunza shamba hakusema mti ule unazaa, wala hakusema matunda si kitu. Aliomba mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka huo hakukaa kitako, alichimba na kutia mbolea. Anayempa maibobo uji na mahali pa kulala hajasema kole ni njema. Ameomba mwaka mmoja zaidi. Anayempeleka mlevi hospitali usiku hajabariki chupa. Ameweka mlango wa toba wazi hadi asubuhi.

Kushiriki dhambi ni kitu kingine. Anayepika anashiriki. Anayeuza, anayepangisha nyumba yake iwe mahali pa kuvutia, anayemtuma mtoto bidoni, hao wanashiriki. Anayemshika mkono aliyeanguka hashiriki kuanguka kwake.

5. Majirani zetu walivyofanya

Mwezi wa Februari 2011, hospitali ya Muhimbili kule Dar es Salaam ilianza kuwapa watu waliofungwa na heroini dawa iitwayo methadoni. Ni dawa ya maji. Mgonjwa anakuja kila siku, anainywa mbele ya muuguzi, anakwenda zake kazini. Inamwondolea mateso ya kukosa heroini, naye hahitaji tena kujichoma sindano, na sindano za kuazimana ndizo zilizokuwa zikisambaza ukimwi. Kenya ilianza kazi hiyo Desemba 2014, Uganda mwaka 2020 katika hospitali ya Butabika. Pwani ya Kenya, mpango wa kugawa sindano safi ulipoanza, viongozi wa dini waliupinga, wakisema ni kumkabidhi kijana chombo cha dhambi. Tunawaelewa, ni hoja ile ile ya ndugu yetu hapo juu.

Hatusemi Goma iige kila kitu. Methadoni ni ya heroini na jamaa zake; haimsaidii mnywa kanyanga, wala mvuta bangi, wala mtoto wa kole. Tunachochukua kwa majirani ni utaratibu wa kazi: kwanza mtu anafuatwa pale alipo, halafu anapewa kitu cha kumtunza, halafu polepole anaanza kusikia, halafu wengine wanaacha. Si wote. Hakuna mahali walipoacha wote. Lakini waliokwisha kufa hawakuacha hata mmoja.

Kuna jambo jingine la kuogofya lililotokea karibu nasi zaidi. Mwezi wa Aprili 2010, huko Kabale, nchini Uganda, kupita Bunagana na Kisoro, watu wapatao 80 walikufa kwa kunywa pombe kali iliyochanganywa na methanoli. Hiyo ni alkoholi ya viwandani. Mnywaji haitambui kwa macho wala kwa ulimi. Kidogo chake kinapofusha, zaidi kidogo kinaua. Anayeinywa huumwa kichwa na tumbo, anatapika, anaona ukungu mbele ya macho, na mara nyingi jamaa husema, "Mwache, amelewa, atalala." Asiachwe alale. Akisema macho hayaoni vizuri, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Sasa fikirini jambo kama hilo likitokea Katoyi au Mabanga. Nani atajua bidoni mbaya ilitoka kwa nani na imegawiwa nyumba gani? Si shefu wa kartie, si polisi, si mchungaji. Ni yule mama anayeuza. Kama amezoea kuitwa barzani na kusikilizwa, atakuja mbio kusema. Kama amezoea kupigwa na kunyang'anywa masufuria, atafukia bidoni na kukimbia, na watu watakufa nyumba kwa nyumba.

6. Nani aketi barzani

Basi tumefika kwenye barza. Mara nyingi mambo haya hupangwa na wakubwa peke yao, halafu watu wanatangaziwa. Tumeona matunda yake katika jambo lingine. Mwezi wa Februari 2019, wakati wa Ebola, vituo vya kutibia vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Watu wa kule si wapumbavu. Waliona magari mengi ya wageni, wakaona miili ya wapendwa wao ikichukuliwa, na wao wenyewe hawakuulizwa neno. Mwezi wa Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alipofika Goma, alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi. Mji mzima ulinawa mikono kila mlango, makanisa yakiwa mbele, na ugonjwa haukupata kuenea sana hapa. Jambo ambalo watu wamelishika kwa mikono yao hulilinda. Jambo walilotupiwa hulitupa.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi wa mji huu. Wenye mamlaka wamebadilika Goma mara nyingi, kila mmoja na amri zake. Majirani hawakubadilika. Shefu wa avenyu, mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya, mama wa kanisa, fundi viatu: hao wamebaki vita ikija na vita ikienda. Tukingoja serikali iliyotulia ndipo tuwalinde watoto wetu, watazeeka tukiwa tunangoja.

Kwa hiyo barza ya mtaa iwe na hawa. Awepo shefu wa kartie na mtu wa polisi. Awepo muuguzi, mwalimu, mwenye farmasi, fundi viatu. Awepo mama anayepika kanyanga. Awepo kijana aliyevuta na kuacha, na, ndiyo, awepo hata mmoja ambaye hajaacha, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kinachouzwa wiki hii na mahali rafiki zake wanapolala. Na wawepo wake za walevi.

Hili la mwisho tulikazie. Tunapozungumza juu ya madhara, tuulize: madhara ya nani? Kuna huruma moja ya uongo inayomhurumia mlevi kwa gharama ya mke wake. Inamwambia mama avumilie, aombe, anyamaze, na mwezi unaofuata anakuja kanisani na jicho lililofumba. Kupunguza madhara kunaanzia kwake na kwa watoto wake. Nyumba moja ya mtaa, au ya parokia, iwe wazi usiku kwa mama na watoto wanaokimbia ngumi. Pesa ya chakula ipitie mkononi mwake. Mlevi apendwe, lakini asipendwe kwa ngozi ya mtu mwingine.

Barza kama hiyo inaweza kukubaliana mambo ya wazi, yasiyohitaji wafadhili. Kanyanga isiuzwe kwa mtoto, wala karibu na shule, wala kwa mama mwenye mimba. Saa za kuuza zijulikane. Fundi viatu na mwenye duka wasimwuzie mtoto kole. Mwenye farmasi asitoe vidonge vya maumivu makali bila karatasi ya muganga. Maibobo asipigwe, anayemkuta amezimia amlaze ubavu, asimwache chali akajisonga na matapishi, kisha aite muuguzi. Majina ya vijana walio tayari kuacha yafikishwe kituo cha afya kwa siri, yasitangazwe kwenye kipaza sauti. Na anayerudi kutoka gerezani au hospitali apate watu wawili wa kumtembelea kila juma.

7. Mipaka yetu

Ili tusisemwe vibaya, tuiseme mipaka waziwazi. Mkristo wa kanisa hili akiketi barzani na mpika kanyanga, hakuwa mnywaji kwa kuketi. Hatutapika, hatutauza, hatutapangisha, hatutachukua faida. Hatutamwambia kijana kwamba bangi ni mchezo. Tukimhudumia, tutamwambia pia ukweli, kwa sauti ya ndugu, kwamba tunamngoja aache. Lengo letu linabaki uhuru kamili. Kupunguza madhara ni kambi ya njiani, na hakuna anayejenga nyumba ya matofali kambini.

Lakini mama anayepika kanyanga naye tumwone. Mara nyingi ni mjane, au mume yuko mbali, na kanyanga ndiyo inayolipa shule na nyumba. Kumwambia aache Jumatatu bila kumwuliza watoto watakula nini Jumanne ni kumwekea mzigo ambao hatuugusi hata kwa kidole. Mama zetu wa likelemba wanajua kazi hii kuliko wahubiri. Wamwingize katika mzunguko wao, wampe zamu ya mapema, aanze na unga, au mkaa, au samaki wa ziwani. Na hadi biashara mpya itakaposimama, asifukuzwe katika maombi. Haifai hata kidogo sadaka yake ipokelewe Jumapili na yeye mwenyewe akataliwe kiti barzani Jumatatu. Kama mkono wake ni mchafu kwa kuketi naye, ni mchafu pia kwa sadaka. Na kama sadaka tumeipokea, basi yeye ni wetu, na mzigo wake ni wetu.

Wengine watauliza: "Na tukifanya haya yote, na yule kijana akaendelea kuvuta?" Atakuwa ameendelea kuvuta akiwa hai, amejua jina la muuguzi, ana nyumba moja ambayo haikumfukuza. Hayo si wokovu. Lakini mtunza shamba hakuahidiwa matunda. Aliomba muda, akachimba.

Ndugu na dada, barza ya mtaa wako ikiitwa, usikae nyumbani. Nenda ukiwa mtu asiyekunywa, kila mtu akijua hunywi, na useme kwa ajili ya yule anayekunywa. Ushuhuda wako utakuwa na nguvu zaidi hapo kuliko mahali ambapo wote ni wasafi. Na ukipita usiku Birere ukamkuta mtu amelala kando ya mtaro, usimhesabie chupa. Mgeuze ubavu, msikilize kama anapumua, ita mtu. Kesho, akiamka, neno la Mungu litamkuta ana masikio.

Bwana awape moyo wa Msamaria na mikono ya mtunza shamba. Amina.